Saa za Kufika Tanga

“Toka huko mpaka hapa nyumbani ni saa ngapi?”

Aliyeuliza ni baba yangu mdogo, kwenye simu, alfajiri moja ya baridi kali miaka ya tisini, nikiwa Fridley, Minnesota; kwao Tanga ilikuwa mchana. Alikuwa ameshaniambia baba ni mgonjwa sana, nijitahidi nimkute. Nikamuuliza: saa za angani tu, au na za kungoja Amsterdam? Na basi la Dar mpaka Tanga je? Nyuma yake nilihisi watu wengi waliokaa kimya.

“Basi, mwanangu,” akasema. “Njoo tu.”

Aliyenipeleka uwanjani ni jirani yangu, mama wa Mombasa aliyekuwa akiuza vitambaa Burnsville.

“Weye huulizwa moja, warudisha kumi,” alinitania njiani. “Malaika wakija kukuhoji kaburini, utawauliza nani kawatuma.”

“Si ni haki yangu kujua?”

Tulicheka. Kisha akauliza, taratibu, “Baba yako mdogo amekuuliza saa za kufika?”

“Ndiyo.”

Tulipofika, begi langu alilishusha yeye. Kwenye begi langu, juu ya sweta, nilikuja kukuta buibui lake jeusi limekunjwa vizuri. Mimi niulizaye kila kitu, hilo sikujiuliza.

Ndani ya ndege kulikuwa na skrini yenye ramani, na kindege cheupe kikitambaa juu yake. Kilomita zilizobaki zilipungua polepole. Nilizikodolea macho kama mtu anayemchungulia mgonjwa kifua kuona kama bado kinapanda na kushuka. Siamini mambo ya ishara, lakini niliogopa kusinzia, nisije nikafumba macho naye akafumba yake.

Tanga nilikuta turubai uani na mikeka imetandikwa. “Katuacha ukiwa njiani,” aliniambia baba mdogo. Shangazi akasema hivyo hivyo. Hata watoto walisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nikarudi Minnesota na swali jipya: njiani wapi? Juu ya bahari? Juu ya Sahara? Nilipima tufe la maktaba kwa uzi. Karibu kilomita elfu kumi na nne, na popote kwenye uzi ule angeweza kuwa amenifia. Ndege ikipita juu ya paa letu nilifunga bomba la maji na kusikiliza mpaka ngurumo yake iishe. Sikujua nilikuwa nikisikiliza nini. Miaka ilikwenda hivyo.

Shangazi ndiye aliyekuja kuniambia, uzeeni mwake, huku anachagua mchele. Baba mdogo alipopiga simu ile, baba alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Jeneza lilikuwa uani, na wanaume walikuwa wakingoja saa nitakazotaja wajue kama wanisubiri. Walimzika baada ya alasiri. Mimi nilikuwa bado Fridley, natafuta soksi nzito za safari.