Mbeleko ya Chuma

Miaka thelathini alibeba saruji ghalani, na miaka yote alibeba kwa mgongo. Wenzake wawili wanaunyanyua mfuko, wanamtwika, anaondoka nao kuelekea kwenye lori. Makuli walimwita Winchi enzi zile alipokuwa mtu wa mifuko miwili kwa mpigo. Sasa kiuno kilikuwa kimegoma. Asubuhi hakushuka kitandani bila kushika ukuta.

Msimamizi akaleta vyuma vya kuvaa, kila kimoja na fito mbili za mgongoni, mikanda ya kifuani na mapajani, na springi kiunoni za kumsukuma mtu anapoinuka. Akasema wenye viuno vibovu wavijaribu. Atakayeshindwa atahamia getini.

Winchi hakulitaka geti. Getini mtu anakaa peke yake kutwa, na upweke wa nyumbani ulikuwa unamtosha.

"Mzee kanunuliwa mbeleko!" akasema Redio, kuli aliyewapita wote kwa mdomo. "Haya, mtoto yuko wapi?"

"Mlete," Winchi akajibu.

Wakamletea mtoto wa kilo hamsini. Redio na mwenzake wakaunyanyua mfuko, wakambwagia mgongoni kama siku zote, juu ya vyuma. Mara, ka! Ufito ukapinda, mfuko ukapasuka, Winchi akawa mweupe kuanzia utosini hadi kisiginoni.

Msimamizi akaja mbio.

"Nani kawaambia mgongoni? Mzigo unakaa mbele! Unachuchumaa, unaukumbatia, unainuka nao." Akamgeukia Winchi. "Mzee wangu, nenda tu getini."

"Nipe kingine."

"Utakivunja na hicho."

"Nipe."

Akavaa cha pili. Hapo ghalani hakuna aliyewahi kukumbatia mfuko. Winchi akachuchumaa mbele ya mfuko mwingine, akapitisha mkono mmoja chini, mwingine juu, akauvuta hadi kifuani. Springi zikamsukuma. Akainuka taratibu, akageuka kwa miguu, kiuno akakiacha kilivyo.

"We mzee!" Redio akapiga makofi. "Hiyo umejifunzia wapi?"

"Kwa mama watoto. Mwaka na nusu hakuweza kusimama. Nilikuwa namtoa kitandani hivi hivi, nampeleka kuoga. Mpaka alipoondoka duniani."

Redio akampisha.

Winchi akauweka mfuko kwenye lori, akarudi akijipangusa vumbi.

"Basi wafundishe na hawa," msimamizi akasema.

"Njoo wewe," Winchi akamwambia Redio. "Chuchumaa. Mkono chini. Usivute kwa nguvu hivyo. Polepole, kama anaumwa."