Sauti ya Paulina Kwenye Boksi

Ukimpelekea Ulimboka spika inayokoroma, hakwambii ukanunue mpya. Anaichomoa, anakata tyubu ya baiskeli, anaizungusha chini ya ukingo wa spika ili upepo usivuje, anajaza sufi kidogo ndani ya boksi, anakaza skrubu. Basi. Watu wanatoka na magari yao Mikumi wanamfuata huku Ruhembe. Babu yake alikuja kukata miwa, yeye miwa hana habari nayo.

Boksi bovu lilikuwa la kwake mwenyewe. Mbao za kreti, spika kuukuu ya gari, nyufa kila kona. Hakutaka kuligusa. Tangu mkewe Paulina afariki, humo ndimo alikuwa anapiga ile kwaya yao aliyoirekodi kwa simu kanisani. Alisema chini ya sauti zote anamsikia Paulina, sauti nzito, inavuta mwisho wa kila mstari.

Sisi majirani tulisikia kwaya tu, tukajua jamaa kachanganyikiwa. Mpaka Jumapili moja Hildegarda, mdogo wake Paulina, akaingia pale kwa fundi anatoka kanisani. Akasikiliza. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Shemeji, huyu si dada?"

"Unamsikia?"

"Namsikia, ila yuko mbali. Wewe fundi gani? Spika za watu unazinyoosha, mkeo unamwacha anaimba kama yuko kwenye ndoo!"

Lile neno likamwingia. Alitaka amsikie karibu, hata mara moja tu. Akafungua boksi palepale. Tyubu, sufi, nyufa zote akaziziba kwa supagluu, skrubu akakaza. Akapiga tena.

Kwaya ikatoka safi, mpaka pumzi za watu unazisikia. Paulina hayumo.

"Rudisha," Hildegarda akasema. "Shemeji, rudisha ilivyokuwa!"

Akatoa sufi, akang'oa tyubu. Supagluu ilishashika, haitoki. Akaanza kulegeza skrubu. Kumbe aliyekuwa anaimba ni ubao wa nyuma, ulikuwa unatikisika. Sasa kila akilegeza, ubao unaimba kitu kingine. Akaigusa skrubu ya mwisho kidogo tu, ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, sauti ya mtu kabisa.

Ulimboka akacheka kwa furaha. Hildegarda alikuwa keshasimama, anarudi kinyumenyume kutafuta mlango.

"Shemeji, zima. Huyo simjui."

Hakuzima. Mpaka leo ukipita pale inaimba, na jamaa anaiita Paulina.