Mizani ya Majani Chai na Mkia wa Hesabu

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua ya mawe pale Sotik ambayo haijanitoka akilini, na kwa kuwa umeniambia umepata kazi ya kuandika programu, keti nikusimulie.

Nilikuwa msichana mwenye digrii mpya na kiburi cha kunitosha mimi na wadogo zangu wote. Kampuni yetu ilitengeneza mizani ya umeme ya kupimia majani chai kwenye vituo vya wakulima. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo kama ukucha, ya bei rahisi, iliyojua nambari nzima tu. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha kuzidisha nambari zenye nukta.

Usiogope, si vigumu kuelewa. Kila nambari unaihifadhi kwa vipande viwili: tarakimu zake, na mahali nukta inapokaa. Unazidisha tarakimu, unajumlisha mahali pa nukta. Shida ni kwamba jibu hutoka refu mara mbili, na nafasi ya kuliweka ni ile ile. Lazima mkia, yaani tarakimu za mwisho, ukatwe. Mimi niliukata, nikaenda zangu kunywa chai.

Aliyekagua kazi yangu ni Injinia Achieng, mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo.

"Chebet, hii code yako inatupa mkia kila saa," aliniambia. "Haiangalii kama imepita nusu ama haijapita."

"Madam, ni kitu kidogo sana. Hata haionekani."

"Kidogo kwa nani? Ikikosea, inakosea upande gani?"

Jibu nililijua. Ilikosea upande wa chini tu. Kila gunia lingepungua kidogo, na halingezidi hata siku moja. Nikamkumbuka mama yangu, Mungu amlaze pema, alivyokuwa akirudi kutoka kituoni, karani amemkata kilo nzima eti ni uzito wa umande. Wakulima walikuwa wameahidiwa kwamba mizani ya umeme itamaliza mambo hayo. Kumbe nilikuwa nimemweka karani yule yule ndani ya mashine, na safari hii hakuna wa kumgombeza. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Meneja alitaka mizani ijaribiwe kesho yake mbele ya wakulima. Injinia Achieng akakataa kutia sahihi ya kuipitisha. Meneja akaja mezani petu, mawe yakipiga bati kiasi kwamba ilibidi apaze sauti.

"Engineer, hakuna mkulima ataona hiyo kitu."

"Ndiyo sababu siwezi sign," alisema mama yule. "Kama angeona, angejitetea."

Majaribio yakaahirishwa. Akanifundisha kuutazama mkia kabla ya kuutupa: ukizidi nusu, panda, ukipungua, shuka, ukiwa nusu kamili, nenda kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu, ile inayogawanyika kwa mbili, ili mara upande, mara ushuke, asipendelewe mtu. Lakini maagizo hayo mapya hayakuenea kwenye kumbukumbu ya mashine. Tulifuta jina la kampuni lililokuwa likiwaka mizani ikiwashwa, yakaenea. Meneja hakulisamehe hilo.

Mwezi ulipoisha, mkataba wa Injinia Achieng haukuongezwa. Nilimbebea begi hadi stendi, nikilia bila kujificha.

"Wacha kulia," alisema. "Mashini iko sawa?"

"Iko sawa, madam."

"Basi." Akapanda gari la Kisii, na sikumwona tena.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Katika kazi yako utakata, kwa sababu hakuna mashine yenye nafasi isiyokwisha. Lakini kabla hujasema kitu ni kidogo, uliza kinamwangukia nani, na kama kinamwangukia yeye kila mara. Ukiona mwenzako amekataa kutia sahihi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo chumbani, simama naye, usimwache peke yake mbele ya meneja kama nilivyomwacha mimi Injinia Achieng siku ile.

Mungu akupe kazi yenye heshima na mikono isiyochoka. Akukutanishe mapema na mtu wa kukuuliza maswali magumu. Na zamu yako ya kukataa itakapofika, akupe sauti.