Koti la Mama Yake Mzee Gwyn

Juzi televisheni ilionyesha bwawa lililokauka huko Wales, kuta za kanisa zikichomoza matopeni, nikamkumbuka Mzee Gwyn, jirani yetu katika mtaa wa Hjulsta, ughaibuni, aliyewahi kufundisha Tabora. Alasiri moja ya mvua, jikoni kwetu kukinukia vitunguu na makoti mabichi, alimsimulia baba jinsi kijiji chao huko Wales kilivyozamishwa ili mji wa mbali upate maji ya kunywa.

“Na mama yako?” nikauliza.

“Alibaki kulekule, mwanangu.”

Nikakimbia kumletea koti langu jekundu la mvua. “Mpelekee, asilowe.”

“Wee mtoto,” baba akanikaripia.

“Mwache,” alisema Mzee, akalikunja polepole. “Mama alikuwa haipendi baridi.”

Siku hizi najua alibaki kaburini. Lakini juzi macho yangu yalitafuta kitu chekundu kwenye yale matope.