Swala Moja ya Ujiji

Bi Zamda wa Ng'ambo, Tabora, ameosha maiti wa kike kwa miaka thelathini. Ukimkuta asubuhi anakaanga vitumbua utamdhania mpole, lakini mama huyo akishasema lake, kumrudisha nyuma ni kazi bure.

Kazi ya kuosha alifundishwa na Najiat, jirani yao wa utotoni kule Mtendeni, aliyemlea kama mdogo wake wa tumbo moja. Najiat alipoolewa Ujiji, waliahidiana stesheni: atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake. Waliosikia walidhani ni maneno ya machozi tu. Zamda aliyachukua kuwa deni.

Alfajiri ya Jumanne moja mwaka jana, Nurdini, mtoto wa Najiat, alipiga simu kutoka Ujiji. Mama ametangulia. Mama mdogo asihangaike, akasema, nauli ya ndege anatuma yeye. Ameshaangalia kwenye simu, Tabora hadi Kigoma ni dakika hamsini tu angani. Kwa hesabu hiyo alikwishamwambia shehe kwamba watazika baada ya adhuhuri.

Zamda akajitanda, akaenda Kanyenye kwa Urvi, mkata tiketi, akamkuta ndiyo kwanza anafungua duka. Urvi akatazama kompyuta, akatazama tena, maana kusema kulimwia vigumu. Dakika hamsini ni kweli, akasema, ila ndege yenyewe ni ya Alhamisi. Nurdini, masikini, aliuliza ndege inaruka kwa muda gani, hakuuliza inaruka siku gani. Na basi la Kigoma lilikuwa limeshaondoka.

Zamda hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira haikumpa nafasi. Akampigia Nurdini kumwomba wamngoje, naye akamjibu kwa adabu kwamba maiti hacheleweshwi. Wapo wanawake pale, watamwosha.

"Nurdini mwanangu, kutoka adhuhuri hadi alasiri ni swala moja tu," Zamda alisema. "Mama yako hajawahi kuniomba kitu kingine. Nipe hiyo swala moja."

Nurdini akakubali. "Alasiri, mama mdogo. Zaidi ya hapo shehe hatanielewa."

Saa tatu kasorobo alikuwa ndani ya pikapu ya Doto, dereva anayepeleka vipuri Kigoma, na mbele yao zaidi ya kilomita mia nne. Doto ana desturi ya kusimama Urambo kunywa supu. Alipoanza kupunguza mwendo, Zamda akamwambia kwamba mababu zao waliipita njia hii kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na hakuna aliyewawekea supu. Doto akakanyaga mafuta. Walipopita Uvinza tairi likapasuka, na mama wa miaka sitini na mbili akashuka, akaishika jeki mwenyewe.

Waliingia Ujiji saa kumi kasorobo. Shehe alikuwa barazani na wanaume, saa mkononi. Ndani maji yalikuwa tayari na sanda imekatwa, ila hakuna aliyekuwa amemgusa Najiat. Zamda akaingia, na kwa mazoea ya maisha yake yote akasema, "Shikamoo, dada."

Akangoja aitikiwe. Wanawake wakainamisha vichwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, naye huku analia akakunja mikono ya gauni, akaomba apewe maji.