Nilikuwa Naongea na Nyoka

Wazee wa kanisa waliniita ofisini Jumanne moja saa kumi jioni. Nilijua kwa nini wananiita. Mtaa mzima wa Ilomba ulijua, na hata Mwanjelwa, nilikokodi kibanda cha cherehani, wauza nyanya wawili walikuwa wameacha kunisalimia. Nilivaa kitenge safi, nikafunga kilemba changu vizuri, nikaenda. Sikwenda kuomba msamaha, na nataka hilo lieleweke tangu mwanzo.

Kosa langu lilikuwa kupanda mlima.

Mimi si mzaliwa wa Mbeya. Nililetwa na ndoa. Nilizaliwa milimani Iringa, Mhehe kwa baba na kwa mama, na kwetu mawe ni sehemu ya nyumba. Bibi alianika ulezi juu ya mwamba uliokuwa nyuma ya jiko lake, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku. Mvua ikitukuta machungani, tuliingia pangoni pamoja na mbuzi, tukachoma viazi humo mpaka ikatike. Nilijua mapango matano kabla sijajua kusoma.

Babu ndiye aliyenifundisha namna ya kuingia. "Usiingie kama mwizi," aliniambia. "Simama mlangoni, salimia, ngoja." Unasema "Kamwene!", salamu ileile tunayopeana njiani, unaisema mara mbili kwa sauti, unagonga jiwe kwa fimbo, kisha unahesabu mpaka ishirini. Aliyemo ndani anakusikia na anaamua mwenyewe kama atatoka au atajificha. Anaweza kuwa nyoka, nungunungu au popo, na zamani hata chui. Hapakuwa na mzimu wala dawa katika jambo hilo. Babu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, tena mkali, na aliwachapa wajukuu waliosinzia wakati wa sala.

Mume wangu alipofariki nilikaa zaidi ya mwaka mzima kati ya kitanda na cherehani. Magoti yakaanza kulia kama bawaba za mlango mkuukuu. Daktari akaniambia, "Mama, tembea." Nadhani alimaanisha nizunguke mtaa jioni na kurudi. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Jumamosi iliyofuata nilivaa raba, nikatia viazi vya kuchemsha na chupa ya chai kwenye begi la shule aliloliacha mwanangu, nikapanda bodaboda mpaka barabara ilipoishia juu kule, mbali na Iyunga, nikaanza kupanda.

Kwanza unapita mashamba ya viazi na pareto, na watu wanakusalimia na kukuuliza unamfuata nani. Kisha unaingia kwenye misindano iliyopandwa kwa mistari, ambako hakuna ndege wala majani chini, na miguu haisikiki. Mimi sipendi misitu ya namna hiyo. Ukitoka hapo ndipo unaupata msitu wenyewe, ule ambao hakuna aliyeupanda, wenye miti iliyopinda kila mmoja kwa mtindo wake na ndevu za kijani zikining'inia matawini. Mawe yanaanza humo. Yapo makubwa kama lori, yamebebana, mengine yameegemeana hivi kwamba unajiuliza nani aliyapanga na kwa nini hakumaliza kazi. Siku ile ya kwanza nilikaa chini ya mawili yaliyokutana vichwa, nikanywa chai yangu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia njaa.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Magoti yaliuma, kisha yakaacha kuuma, kisha nikasahau kwamba ninayo.

Pango nililipata mwezi wa tatu. Mlango wake ulikuwa mfupi, umefunikwa na madege, yale majani ya kivulini yanayojikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Nilisimama, nikasema "Kamwene!" mara mbili, nikagonga fimbo, nikahesabu. Hakuna aliyetoka. Niliwasha tochi ya kichwani niliyoinunua mtumbani nikaingia kwa kuinama. Ndani mtu anasimama wima. Maji yalidondoka mahali fulani, na dari lilikuwa jeusi kwa moshi wa watu waliowahi kujificha humo, sijui wakimkimbia nani. Mwishoni palikuwa na tundu jembamba linalopanda juu kama bomba, na kwa juu kabisa niliona mwanga wa jua. Nilijipima. Mabega yalipita, nyonga zikakataa.

Jumamosi nne mfululizo nilikwenda kubishana na lile tundu. Watu wazima hucheka wakisikia hili, lakini nalisema bila aibu: kwa mwezi mzima hakuna kitu nilichokitaka duniani zaidi ya kupita pale. Jumamosi ya tano nilivua koti, nikatoa pumzi yote, nikasukuma kwa miguu. Nikapita.

Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye ufa wa kutokea nje. Kuta zake zilikuwa za lile jiwe jeupe jepesi tunalosugulia visigino, linalomomonyoka ukiligusa tu. Kupitia kwenye ufa niliuona mji mzima, mabati yaking'aa, na malori kwenye barabara kuu yakifuatana kama siafu. Nilicheka. Nilicheka peke yangu kwa sauti, kwa furaha, nikapiga na kigelegele. Kisha nikatoka kupitia ule ufa, mweupe kuanzia nywele mpaka raba.

Nje palikuwa na mama mmoja anaokota kuni. Alikuwa amesikia salamu kwa lugha asiyoijua, halafu kimya kirefu, halafu kicheko na kigelegele kutoka tumboni mwa mlima, na sasa anaona mwanamke mzee amepakwa unga mwili mzima anatoka kwenye jiwe. Simlaumu. Alitupa kuni akakimbia, na nilipomwita asimame aliongeza mbio.

Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imenitangulia kanisani. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimeonekana na fisi. Watu waliojua kabisa kwamba nawashonea sare za watoto wao walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo siipendi. Imetumika sana na watu wavivu wa kuuliza.

Basi Jumanne nikakaa mbele ya meza yao, wazee wanne na mchungaji. Mchungaji ni kijana, wa umri wa mwanangu, na hakuniangalia usoni.

"Mama yetu," alianza mzee mmoja, "umeonekana ukitoka pangoni. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Ulifuata nini huko?"

"Nilifuata pango."

Wakatazamana. Mwingine akasogeza kiti. "Shahidi anasema ulisimama mlangoni ukaongea. Kwa kilugha. Ulikuwa unaongea na nani, mama?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mhehe mwenzangu angenielewa, na mtoto yeyote aliyechunga mbuzi kwetu angenielewa. Nilisahau niko wapi, nikajibu kama ninavyojibu kwetu.

"Nilikuwa naongea na nyoka," nikasema.

Kalamu ya mzee aliyekuwa akiandika ilisimama. Mzee wa tatu alifumba macho, nadhani akaomba. Nilijaribu kueleza habari za babu, za fimbo, za kuhesabu mpaka ishirini, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama, maana sasa ilionekana kwamba nina mwalimu wa mambo hayo na kwamba yana utaratibu.

Mwishowe mchungaji akasema kwa upole, "Mama, tusifike mbali. Jumapili utasimama mbele, utatubu, tutakupokea kundini. Ni dakika tano tu. Usipofanya hivyo, itatubidi tukutenge."

Najua kutengwa ni nini. Ni kukosa Meza ya Bwana na kukaa benchi la nyuma. Zaidi ya yote, mtengwa akifa kanisa halimziki. Kengele haipigwi, kwaya haiji, mchungaji havai joho. Mume wangu alizikwa kwa kengele na kwaya mbili, na ubavuni kwake pana nafasi yangu, niliyoipanda maua kwa mikono yangu. Nimepita sitini, na nafasi ile huwa naifikiria.

Jioni ile mwanangu alinipigia simu kutoka Iringa mjini anakofanya kazi. Ni mmoja tu niliyenaye. Jirani alikuwa ameshampa habari.

"Shikamoo mama. Sasa mama, si useme tu yaishe? Ni maneno mawili, 'nakiri' na 'natubu'. Mungu si anajua ukweli?"

"Mungu anajua," nikamwambia. "Shida ni majirani."

Akadhani nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Alikuwa mdogo mno kumkumbuka mjane aliyekaa hapahapa Ilomba, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, kila mpishi analijua hilo. Mtoto wa jirani alipougua, watu wakamjia, wakamwambia, bibi, kiri tu yaishe. Akachoka, akakiri. Siku ile yaliisha kweli. Alipougua mtoto mwingine walimrudia, maana sasa alikuwa mchawi aliyekiri kwa kinywa chake. Paa lake liliungua mchana kweupe, na sisi sote tulisimama uani kwetu tukiangalia moshi. Mimi nilikuwepo. Sikuchukua hata ndoo. Alihamishwa na nduguze na sijui alifia wapi.

Kwa hiyo maneno mawili nayajua uzito wake. Nikisema natubu, kila homa ya mtoto Ilomba itakuwa yangu. Nikikataa, nitazikwa kama mbwa. Nililala na mambo hayo mawili siku nne. Nilikasirika, nikaogopa, nikakasirika tena kwa sababu niliogopa. Jumamosi ilipofika sikukaa nyumbani kujiandaa kwa toba. Maji nilishayavulia nguo. Nikapanda mlima kama kawaida, nikasalimia kwa sauti kuliko siku zote, nikapita kwenye tundu langu, nikala viazi nikiangalia mji.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Wengi hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Jina langu likaitwa baada ya matangazo, nikapita katikati ya viti, magoti kimya kabisa. Waliokuwa kando ya njia walivuta watoto wao. Nilimwona mmoja anavuta mtoto aliyevaa gauni nililomshonea mimi kwa ajili ya Kipaimara, na hapo hofu yote ikanitoka, ikabaki hasira safi, nzuri, iliyoninyoosha mgongo.

Mchungaji akasoma karatasi yake. "Mama mpendwa, je, wakiri na kutubu mbele za Mungu na kusanyiko hili?"

"Nakiri kupanda mlima," nikasema. Sauti yangu ni ya alto, haihitaji kipaza sauti. "Nakiri kuingia pangoni. Nakiri kuwapigia nyoka hodi kabla ya kuingia kwao, kwa sababu nililelewa vizuri. Kutubu, hapana. Sina la kutubu, isipokuwa moja ambalo hamkuniuliza. Miaka ile mlipochoma paa la bibi yule, nami nilisimama nikaangalia. Hilo natubu, tena nalia nalo. Mchungaji, liandike hilo."

Hakuandika. Nyuma mtu mzima mmoja akaanza kukohoa asiweze kuacha. Mchungaji alikunja karatasi ya kwanza, akafunua ya pili, akasoma kwamba nimetengwa mpaka nitakapotubu. Alisoma haraka kama anayetaka yaishe. Nilimwonea huruma kidogo.

Nikageuka, nikatembea njia yote mpaka benchi la nyuma. Niliwakuta binti mwenye ujauzito bila ndoa na mzee aliyeoa mke wa pili uzeeni. Wakasogea wakanipisha. Wimbo ulipotolewa tuliimba beti zote, na yule mzee, kumbe, ana besi nzuri ambayo kwaya yetu imeikosa miaka yote.

Mchana ule mwanangu akapiga simu. Alikuwa ameshasikia kila kitu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekataa."

"Wanasema umetaja na nyumba ya bibi aliyechomewa paa."

"Nimeitaja."

Nilisikia watu wa Iringa wanapita nyuma yake wakisalimiana.

"Na ukifa, mama? Wakikataa kukuzika?"

"Utanizika wewe. Ubavuni kwa baba yako. Jembe liko nyuma ya mlango wa jikoni."

Nikajiandaa kusikia kwamba nimemwaibisha, kwamba atakosa pa kuficha uso, na nilikuwa nimeshaandaa majibu.

"Lina mpini?" akauliza.