Mkono wa Kulia wa Binti Yangu

Binti yangu alianguka kutoka kwenye mkorosho Jumamosi moja asubuhi, mwaka aliotimiza miaka minane. Alikuwa amefuata bibo moja jekundu lililobaki juu, na matawi yalikuwa bado yameloa ukungu wa huku kwetu Newala. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Nikasikia kishindo, halafu kimya, halafu sauti yake: "Mama, mkono wangu umekuwa wa mtu mwingine."

Nilitoka mbio na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa ameketi mchangani, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na juu kidogo ya kiwiko palikuwa na kona mahali ambapo mwili wa binadamu hauna kona. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kabla sijajua nianze na lipi, kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafika. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na shamba la mihogo tu. Kwetu mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake, na mume wangu siku hizo alikuwa Masasi kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo neno la kaka ndilo lililosimama.

"Hospitali ya nini?" alisema. "Umpakie bodaboda mtoto aliyevunjika, kila shimo limchome? Tulia, mdogo wangu. Namwita fundi."

Fundi wetu alikuwa na kazi mbili, kutengeneza baiskeli na kuunga mifupa. Kaka mwenyewe aliwahi kuvunjika mguu, fundi akamuunga, na leo ukimwona anatembea huwezi kujua ni mguu upi. Hakuwa mtu wa hirizi wala vitisho. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha, na aliomba maji na sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Nilimwamini. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walitaka niseme nililazimishwa.

"Mwalimu, mshike mabega," aliniambia.

Nikamshika. Fundi akavuta. Binti yangu alipiga ukelele mmoja ambao ukiisha huwezi kuamini umetoka kwenye kifua kidogo vile. Kisha fundi akapanga vipande vya mwanzi kuuzunguka mkono, akavifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja baada ya kingine, kutoka juu ya kiwiko hadi karibu na kiganja. "Kitambaa hulegea," alisema. "Tyubu hailegei." Saa nne na nusu alikuwa amemaliza. Akanywa chai, akaenda zake Chilangala, ambako kulikuwa na mgonjwa mwingine.

Mimi si mtu wa kutulia. Hata nikiwa mzima nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Siku ile nilizunguka nyumba, nikachemsha uji ambao hakuna aliyeunywa, nikarudi kumwangalia, nikatoka tena. Saa sita aliniambia, "Mama, siafu wananitembea vidoleni." Nilitazama, hapakuwa na siafu. Mkono ulikuwa umeanza kuvimba pande zote za mianzi. Nilipomgusa vidole nikijaribu kuvinyoosha, aliruka kwa maumivu kuliko alivyoruka mfupa ulipovutwa.

Nikaenda kumwambia kaka. Alikuwa amekaa kivulini anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. "Ganzi ndiyo kuunga kwenyewe," alisema. "Hata mimi mguu uliwaka moto siku mbili."

Saa nane mtoto alinyamaza. Nikadhani amepata nafuu. Nikakaa kando yake, nikamuuliza siafu wako wapi.

"Wameondoka," alisema. "Na vidole vimeondoka."

Nilivishika. Vilikuwa vya baridi, na kucha zilikuwa na rangi ya majivu. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kuhesabu mapigo ya moyo. Niliwakimbiza kuzunguka uwanja wa mpira, kisha kila mmoja akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, wakacheka kwa kuyasikia mapigo yao wenyewe. Nikaweka vidole vyangu kwenye mkono wake wa kushoto. Yapo, tena yanakimbia. Nikavipenyeza chini ya tyubu ya mwisho kwenye mkono wa kulia. Hakuna. Nikajipima mwenyewe kuona kama vidole vyangu ndivyo vilivyokufa. Nikarudi kwake. Hakuna kitu.

Nilichukua wembe. Kaka alinikuta nimeshakata vipande viwili, akanishika mkono.

"Unaharibu kazi ya mtu!"

"Kaka, niachie."

"Mfupa ukihama, mtoto atakuwa kilema, na utakuwa umemfanya wewe."

"Damu haifiki mkononi. Njoo ushike mwenyewe. Njoo!"

Hakutaka kushika. Aliniachia, akasimama mlangoni amenipa mgongo, nami nikakata tyubu zote hadi mianzi ikaanguka sakafuni. Nilitegemea rangi irudi. Haikurudi. Kigasha chake, ile nyama kati ya kiwiko na kiganja, kilikuwa kigumu kama gogo, na ngozi inang'aa.

Tulipanda bodaboda ileile aliyoiogopa kaka. Nilimpakata binti katikati, mkono umelala juu ya mto niliouchomoa kitandani. Hospitali ya Newala mganga alimgusa mara moja tu, akainua macho. "Mama, hapa si pa kungoja. Teremka upande wa Masasi, kuna daktari wa mifupa. Napiga simu sasa hivi."

Barabara ilikuwa bado inatengenezwa. Gari la wagonjwa liliacha njia kila baada ya hatua chache, likaingia vumbini, likarudi. Kwenye mteremko wa kushuka uwandani dereva alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na nilitaka kumwambia anyamaze, na nilitaka aendelee. Nilimsugua mtoto miguu. Sijui kwa nini miguu. Pengine kwa sababu ndiyo niliyoruhusiwa kuigusa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Hakunigombeza. Aliuliza saa mkono ulipofungwa, saa ulipofunguliwa, akahesabu. Mume wangu alikuja kutoka kazini na saruji kwenye nywele, akatia sahihi karatasi bila kuisoma.

Walipomwingiza chumba cha upasuaji nilitembea kwenye ukumbi kutoka mlango hadi mlango. Mume wangu alisema, "Kaa." Nikakaa. Nikasimama. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake alinipa maandazi mawili, na nikayala yote bila kujua nimekula.

Daktari alipotoka alitukalisha kwenye benchi akauweka mkono wake mwenyewe juu ya goti langu, kiganja juu, kana kwamba ni ramani.

"Mshipa mkubwa wa damu unapita hapa, mbele ya kiwiko," alisema, akichora kwa kidole. "Neva inapita pembeni yake. Mfupa ulipovunjika, ncha yake iliusukuma mshipa, ukabanwa. Hilo lingetokea hata bila kufungwa. Lakini kufungwa kuliongeza, kwa sababu mkono ulitaka kuvimba na haukuwa na pa kuvimbia. Sasa tazama." Akakunja vidole vyake. Chini ya ngozi ya kigasha kitu kilituna na kulegea. "Misuli inayokunja vidole haiko kwenye vidole. Iko huku juu, inavuta kwa kano. Misuli hiyo ndiyo iliyokosa damu. Mfupa nimeunyoosha na mapigo yamerudi. Nimepasua ngozi na utando unaoifunika misuli ili ipumue, na nimeacha wazi, tutashona baada ya siku kadhaa. Msishtuke mkiona."

"Atashika kalamu?" niliuliza. Mtoto amelala hajazinduka, nami nauliza kalamu. Ualimu ni ugonjwa.

"Misuli mingine nimeikuta myekundu, ikiguswa inaruka. Mingine imepauka. Siwezi kukuahidi. Ungefika kesho, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Tulikaa pale wiki tatu. Nilikuwa nikimwomba afumbe macho, nikamgusa vidole kwa ncha ya kanga yangu. "Kidogo," alisema nikigusa cha mwisho. Nikigusa gumba, cha shahada na cha kati, hakusema kitu, alingoja tu, akidhani sijaanza. Daktari alisema hiyo ni ile neva iliyopita pamoja na mshipa. Neva haikukatika, alisema, ilikandamizwa, nayo hurudi polepole kuliko mfupa. Polepole! Hakujua anaongea na nani. Nilikuwa nikimgusa mara ishirini kwa siku, mpaka muuguzi akaninyang'anya kanga.

Nyumbani tukaanza mazoezi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, nikainua kiganja chake nyuma taratibu, vidole vikijikunja vyenyewe kama vinakataa kuachana, nikavifungua kimoja kimoja. Aliuma kanga asilie. Nikampa bonge la ugali wa muhogo alibinye mpaka lipoe. Siku moja, katikati ya msimu wa mbaazi, aliutupa ugali na kusema, "Unachoma!" Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Kaka hakukanyaga kwangu miezi minne. Aliyekuja ni fundi. Alinikuta shuleni wakati wa mapumziko, akasimama mbali na ofisi, baiskeli mkononi.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu ni mkubwa kwangu na sikulelewa vinginevyo.

"Marahaba, Mwalimu. Nimesikia. Nilitaka nimwone mtoto."

Nikamwita. Fundi alipiga magoti mchangani, akanyoosha mkono, na binti yangu akaficha wake nyuma ya sketi. Fundi akaurudisha mkono wake taratibu.

"Nimeunga watu wengi," aliniambia. "Kama kuna kitu sikukiona, niambie ni kipi."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeyapanga maneno miezi yote ile. Badala yake nilimshika mkono kwa nguvu, bila upole wowote, nikaweka vidole vyake kwenye kifundo chake mwenyewe. Nikamweleza: kabla ya kufunga, sikiliza hapa, baada ya kufunga, sikiliza tena, pasipopiga, usifunge, mpeleke hospitali. Na usiende Chilangala. Kaa na mgonjwa. Aliitikia kila neno. Kengele ikalia, nikamwacha pale. Nasikia siku hizi mtu akivunjika karibu na kiwiko hamgusi kabisa. Sijamuuliza. Sijui pia kama nimemsamehe. Nafsi yangu sijaisamehe, mimi niliyeshika mabega.

Na kaka? Alikuja siku ya mazishi ya shangazi yetu, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Hakuomba radhi, wala sikuomba. Alimtazama binti akigawa maji kwa wageni, bilauri mkono wa kulia. "Anashika," alisema. "Anashika," nikajibu. Kuanzia hapo tukaendelea kuishi.

Sasa ana miaka kumi na minne. Kidole cha kati hakinyooki, na kovu limekwenda kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja, pana, linang'aa jua likipiga. Anaandika kwa mkono ule ule, herufi zimelala upande. Siku za baridi ya mwezi wa saba anauweka kwapani. Mimi bado namwambia anyooshe, aloweke, abinye. Mwezi wa kwanza, tukifunga mizigo yake ya shule ya bweni Masasi, niliushika nianze kuvifungua vidole kama kawaida yetu.

"Mama," alisema, wala hakuwa na hasira. "Niachie. Mkono ni wangu."

Nikauachia. Akainua ndoo yake iliyojaa vitabu na sabuni, akaihamisha kutoka kulia kwenda kushoto ilipomchosha, akatembea mbele yangu hadi kituoni. Gari likachelewa. Nilikaa, nikasimama, nikaenda kuuliza, nikarudi. Yeye alikaa juu ya ndoo yake anakula korosho, akizitoa maganda kwa kucha, bila haraka yoyote.